Simu Hulia Kemondo

Jumatatu, 7 Oktoba

Daktari Gamaliel amenipima presha, akatikisa kichwa, akaniambia niwe naandika kila ninapoweza: nimelala vipi, nimeamshwa na nini, nimekasirishwa na nani. "Andika mpaka Krismasi," akasema, "halafu tutajua kama tunatibu mtu au tunatibu kazi." Jibu ninalo tayari, lakini mgonjwa habishani na daktari, hasa daktari mwenyewe akiwa ndiye bosi wake.

Basi naandika. Mimi ni Evarist, fundi wa kompyuta wa Hospitali ya Kabalinda, nje kidogo ya mji wa Bukoba. Fundi mkuu, kwa mtu anayetaka kunipaka mafuta. Chini yangu yuko Evodia, ametoka chuo mwaka jana, na kazi yake kubwa mpaka sasa ni kucheka na simu yake. Kwenye chumba cha seva tuna mashine saba. Kila idara na yake: mapokezi, maabara, duka la dawa, eksirei, uhasibu, stoo, na moja ya barua pepe. Kila moja ilikuja mwaka wake na mfadhili wake, na kila moja inaugua kwa wakati wake. Ukizipima, hakuna hata moja inayotumia nusu ya nguvu zake. Zinakaa tu zinakula umeme na kutoa joto. Lakini ikifa moja, idara yake inasimama, na anayepigiwa simu ni mimi.

Nimelala vibaya. Nimeamshwa na duka la dawa.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua. Umeme umekatika mara mbili. Betri zikibeba mashine saba hazifiki mbali, kwa hiyo nimekimbilia jenereta kama mwendawazimu, viatu vimejaa tope. Sina la kuongeza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo ilikuwa niende Izigo kwa mama. Mawe, kama tunavyomwita nyumbani. Jina lake Kokushubila, na hana mwingine wa kumtuma, maana mimi ndiye niliyebaki karibu.

Jambo lenyewe ni hili. Karugendo, mtoto wa ndugu wa marehemu baba, anauza kibanja chake, shamba la migomba na kahawa lililopakana na letu. Mnunuzi anatoka Mwanza, na wapima ardhi watakuja wiki ya pili ya Desemba kuweka vigingi. Mpaka wetu haujawahi kuandikwa popote. Ni emilamula tu, ile miti ya mpakani aliyoipanda babu alipowagawia wanawe, na upande wa chini imeng'olewa. Nani kaing'oa, hakuna anayejua, kila mtu anaangalia juu. Waliokuwepo siku babu anagawa, aliyebaki na akili timamu ni Mawe. Na kaburi la baba liko upande huohuo wa chini.

"Njoo nikutembeze, waitu," aliniambia. "Uone kwa macho yako, Karugendo naye awepo. Magoti yangu hayangoji likizo yako."

Nimewasha pikipiki mapema. Nimefika Kemondo, katikati ya njia, simu ikalia. Eksirei imezima. Kuna mtu kavunjika paja yuko mezani. Nimegeuza.

Jumapili, 13 Oktoba

Mawe kapiga. "Ulifika wapi?"

"Kemondo."

"Hapo Kemondo kuna nini?"

Nikamwambia kuna mtandao. Hajacheka.

Jumanne, 22 Oktoba

Kikao. Nimeomba jambo hili miaka mitatu, leo wamekubali. Hawakukubali kwa utamu wa maneno yangu. Mapokezi na eksirei zimekufa wiki moja, wagonjwa wakajaa mpaka uani, na Daktari Gamaliel mwenyewe akaandika vyeti kwa mkono hadi vidole vikamkakamaa.

Tutanunua mashine mbili zenye nguvu, na ndani yake tutazihamishia zile saba zote. Vyuma tutaviacha. Tutahamisha programu na kumbukumbu, na kila moja itaendelea kufanya kazi ikidhani iko peke yake kwenye mashine yake. Zinaitwa seva pepe. Mashine ya kwanza ikianguka, ya pili inazibeba zote. Umeme utapungua, betri zitavumilia, na vipuri vya mwaka wa gharika sitavitafuta tena.

Mhasibu akauliza, "Yaani tunatoka saba tunabaki na mbili, halafu unasema tumeongezewa?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema, kama mtu anayemwacha mlevi amalize hadithi yake.

Mzee Ishengoma, Ta Ishengoma kwetu Wahaya, mkuu wa maabara, hakusema neno kikao kizima. Nikajua hapo nina kazi.

Ijumaa, 1 Novemba

Mashine zimefika. Kazileta Jayesh mwenyewe kwenye pikapu, chini ya maturubai mawili. Huyu ni mtoto wa mzee Rasiklal. Duka lao liko mjini tangu enzi za babu yake, na Kihaya chake kinanipita mimi. Amezishusha taratibu utadhani mayai.

"Evarist, unaniua njaa," akasema. "Ukishaziwasha hizi, nani atakuja kwangu kununua feni na saketi kila wiki?"

"Utaniuzia ya tatu."

"Baada ya miaka mingapi?" Akacheka, lakini si sana.

Jumamosi, 2 Novemba

Izigo. Kemondo. Simu. Stoo imepigwa na radi. Nimegeuza.

Mawe hakupiga kuniuliza. Afadhali angepiga.

Jumanne, 5 Novemba

Tumehamisha stoo na barua pepe. Nakala ya mashine nzima inachukuliwa, inaingizwa kwenye mpya, inawashwa, mtumiaji asubuhi anakaa mezani hajui kama kuna kilichotokea. Evodia anafanya haraka kuliko nilivyotegemea. Simu yake ameiweka kwenye droo. Sikumwambia aiweke.

Jumanne, 12 Novemba

Uhasibu, mapokezi, duka la dawa na eksirei vimeshahamia. Imebaki maabara.

Mashine ya maabara ndiyo kongwe kuliko zote. Programu yake haiuzwi tena, na kampuni iliyoitengeneza ilishafungwa. Ikifa, majibu ya miaka yote yamekwenda nayo. Ta Ishengoma analijua hilo vizuri, ndiyo maana hataki mtu aiguse. Ameifunika kitambaa cha kufuma alichokifuma mkewe, cheupe, chenye maua pembeni. Kila Ijumaa anakuja kukikung'uta mwenyewe.

Nimemfuata maabara.

"Shikamoo, Ta."

"Marahaba. Kama ni habari ya mashine yangu, nilishajibu."

"Hujajibu, Ta. Ulinyamaza."

"Ndilo jibu." Akavua miwani. "Hebu niambie. Majibu ya watu wenye maradhi ya siri, leo yako kwenye mashine yake, mlango wake, funguo yake. Unataka nikayalaze kitanda kimoja na duka la dawa? Yakae na panadol?"

Nikamweleza kwamba hayachanganyiki. Nikatumia maneno yote niliyosomea. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Mzee mbishi. Presha yangu ameibeba yeye mfukoni.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku hii naiandika yote, maana Daktari alisema niandike nimekasirishwa na nani. Nimekasirishwa na Ta Ishengoma, na Karugendo, na mvua, na mimi mwenyewe.

Nilitoka Bukoba kumepambazuka. Safari mbili za kwanza nilijidanganya kuwa ni bahati mbaya. Leo nilijua kabisa itatokea, nikawa naendesha huku sikio liko mfukoni. Kemondo, pale pale karibu na njia ya bandarini, simu ikalia. Ta Ishengoma. Hata salamu hakutoa.

"Imezima. Haiwaki. Kuna watoto wawili wa kuongezewa damu na siwezi kuona makundi yao."

Unafanyaje? Ukiwa na roho huendi Izigo. Nimegeuza. Njia nzima nimemtukana kwa Kihaya na Kiswahili ndani ya helmeti, maana nyingine zote sita zilikuwa salama kwenye mashine mpya, na hii moja tu, aliyoikatalia yeye, ndiyo imenitoa njiani.

Nilipofika, walikuwa wanapima makundi upya kwa mkono, na watoto walipata damu, Mungu mkubwa. Tatizo la mashine lilikuwa kifaa cha umeme kimeungua. Evodia alikuwa ameshafungua mashine ya zamani ya stoo, isiyo na kazi sasa, akakitoa cha huko na kukiweka mezani kinanisubiri. Nikakifunga. Ikawaka. Ta Ishengoma akarudishia kitambaa chake juu, nami nikakiondoa, nikamwambia, "Ta, hiki ndicho kinachoipika kwa joto." Sikusema kwa upole. Watu wa maabara wakatazama chini.

Nilikuwa bado nafunga skrubu simu ikalia tena. Namba ya Izigo. Sauti ilikuwa ya Karugendo. Huyu Karugendo mwenyewe.

"Mama yako kaanguka."

Alikuwa amenisubiri tangu asubuhi. Alipoona siji, akachukua fimbo, akashuka peke yake chini ya migomba kwenye utelezi, atafute mashina ya emilamula, aweke alama kabla hajasahau. Karugendo ndiye aliyesikia akiita. Ndiye aliyembeba.

Safari hii nilipita Kemondo bila kuiona. Nimemkuta kitandani, nyonga imeumia, haikuvunjika, kituo cha afya wamemfunga na kumpa dawa za maumivu. Atembee? Wamesema si kabla ya mwaka mpya. Labda na baada ya hapo isiwe.

Nikapiga magoti kumsalimia. Akanishika kichwa.

"Watoto walipona?" akauliza. Karugendo alishamweleza nilikokuwa.

"Walipona, Mawe."

"Basi usilie kama mtoto. Nina maumivu ya nyonga, sina msiba."

Nililia hata hivyo. Kumuona vile, mdogo, na tope bado liko kwenye kucha. Akanionyesha vidole: alipata mashina mawili tu.

Jumatatu, 18 Novemba

Ta Ishengoma kaja ofisini kwangu. Hajawahi kuja. Kasimama mlangoni mpaka nikamkaribisha.

"Pole na mama. Ni kweli nilipokupigia ulikuwa njiani kwenda kwake?"

"Ni kweli."

Akakaa. Akavuta kiti karibu. Kisha: "Nieleze tena. Ila usitumie maneno ya kompyuta."

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilimweleza kilichokuwa kichwani. Nikamwambia babu yangu alikuwa na kibanja kimoja kikubwa, akakigawa, huku baba yangu, huku baba yake Karugendo, kati akapanda emilamula. Kila mmoja akalima chake, akazika wake, hakuna aliyeingia kwa mwenzake. Lakini njia ilikuwa moja, na chemchemi moja. "Mashine mpya ndiyo hicho kibanja, Ta. Maabara ina upande wake, duka la dawa lina upande wake. Wanachoshirikiana ni njia na maji."

"Na jirani aking'oa mpaka?"

"Huu hang'oi mtu kwa jembe. Kuusogeza lazima funguo mbili, yangu na ya Evodia, na kila anayegusa anaonekana."

Akafikiri. "Kwa hiyo mpaka wa majibu yangu utakuwa imara kuliko wa mama yako."

Ilinichoma.

"Hamisha," akasema. Mlangoni akageuka. "Na kile kitambaa nirudishie. Mke wangu ataniuliza."

Jumamosi, 23 Novemba

Maabara imehama. Programu ile kongwe inafanya kazi ndani ya mashine mpya, na nina nakala zake tatu. Ta Ishengoma alikaa na sisi mwanzo mpaka mwisho. Akatafuta jina la mgonjwa wake wa zamani, marehemu, akaliona. "Yupo," akasema, akaenda zake.

Tumezima za zamani zote zilizobaki. Chumba kimepoa na kimya. Sikuzoea. Nilitoka nje nikarudi ndani kuhakikisha.

Alhamisi, 28 Novemba

Mtu wa stoo kafuta orodha yote ya vifaa kwa bahati mbaya. Zamani hiyo ingekuwa wiki yangu nzima. Kumbe Evodia kila jioni anachukua picha ya kila seva pepe ilivyo saa hiyo. Kairudisha stoo kwenye picha ya jana, kamaliza, kaniambia wakati tunakunywa chai. Nikamuuliza kwa nini hakuniita. "Ulikuwa umelala mezani, kaka," akasema.

Nilimsema vibaya huyu binti ukurasa wa kwanza. Nimeuacha ubaki hivyo, nione haya.

Jumapili, 1 Desemba

Senene, panzi wetu wa kuliwa, wameanguka. Mji mzima umerukwa na akili. Kanisani waimbaji nusu hawapo. Wenye mitego wamewasha taa kubwa kila kona na umeme unapungua nguvu, lakini betri zinabeba mashine mbili bila wasiwasi. Mushumbusi, mlinzi wetu, kaniletea bakuli. Nimelala saa sita mfululizo.

Ijumaa, 6 Desemba

Wapima ardhi wamethibitisha: Jumatano. Kesho naenda. Nimempa Evodia funguo zote za chumba cha seva. Nikaanza kumwandikia maelekezo, akanitazama, nikaacha.

Jumamosi, 7 Desemba

Kemondo nilisimama. Nilizima pikipiki kabisa, nikatoa simu, nikaisubiri ilie. Muuza samaki akaniuliza kama nimepotea. Haikulia. Nikaenda.

Mawe alikuwa ameshavalishwa, kitenge kipya, amekalishwa mlangoni. Karugendo naye kafika na jembe, mdomoni anatafuna punje za kahawa, macho hayatulii. Swali likawa moja: atatembeaje? Jirani alitaka kuleta toroli. Mawe akasema toroli ni la matofali. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia, "Panda."

"Nitakuvunja."

"Hunivunji. Panda."

Akapanda. Ni mwepesi. Nilitamani awe mzito zaidi. Tukashuka chini ya migomba, yeye mgongoni, fimbo yake imetangulia mbele ya pua yangu kama antena. "Pale. Hapana, nyuma ya huo mbuni. Fukua." Karugendo anafukua, shina kuukuu linaonekana, linaoza, lakini lipo. "Unaliona, Karugendo?" "Naliona, Ma." "Panda jipya hapo." Anapanda. Hakubisha hata mara moja. Labda alikuwa anaogopa, labda alikuwa na aibu. Mimi ninachojua ni kwamba yeye ndiye aliyembeba kabla yangu.

Tulikuwa tumekaribia kaburi la baba simu ilipolia.

Mfuko wa shati. Mikono yangu yote miwili iko nyuma, imeshika miguu ya mama. Ikalia, ikakatika, ikalia tena.

"Ndiyo hao," Mawe akasema. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa, Karugendo akamwonyesha pa kubonyeza, akaniwekea sikioni mwenyewe.

Evodia. Sauti haina haraka.

"Kaka, nakuambia tu usije ukasikia kwa watu. Mashine ya kwanza imekufa. Usiku Mushumbusi kaona chumba cha seva ndicho chenye umeme usiokatika, kafungua dirisha, kawasha taa, kategesha mabati ya kunasia senene. Senene wameingia mpaka kwenye feni. Wamejaa humo, yaani wamejaa."

"Evodia!"

"Sikiliza. Zote zimehamia ya pili zenyewe. Maabara, dawa, kila kitu. Wagonjwa wanahudumiwa, hakuna hata idara moja iliyopiga simu. Ta Ishengoma nimemwambia mimi, ndiyo kwanza anajua. Amesema ukija leo atakufukuza getini. Jayesh analeta feni Jumatatu."

"Nakuja sasa hivi niangalie…"

"Uangalie nini? Senene? Nimeshawatoa."

Akakata. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshageuka. Sikuituma. Nilijikuta natazama juu, kwenye njia, kwenye pikipiki, na mama yangu mgongoni.

Mawe akaligundua. Fimbo ikanigusa shavu, taratibu.

"Evarist. Unageuzia Kemondo, na mimi niko juu."

Nikasimama hapo. Karugendo kainua jembe, anangoja. Nilikuwa nahema kama niliyekimbia. Mashine imekufa, mimi siko, na watu wanatibiwa. Ndicho nilichokuwa nakiomba miaka mitatu, na kilipokuja kikanikuta nataka kukikimbia.

Nikamgeuza mama yangu taratibu, uso kwenye kaburi la baba.

"Wapi, Mawe?"

"Hatua mbili mbele. Zangu, si zako."

Tukaenda. Shina la mwisho lilikuwa pale aliposema, upande wa nje wa kaburi. Baba yuko kwetu.

Jumatano, 11 Desemba

Wapima ardhi wamekuja, wamefuata emilamula, wameweka vigingi. Karugendo kasaini. Mawe alikaa kwenye kiti chini ya migomba, ananyonyoa senene wa Mushumbusi, ambaye amewaleta ndoo nzima mwenyewe mpaka Izigo kuomba radhi, na wengine, naamini, ni walewale.

Nimelala huku tangu jana. Hakuna aliyepiga. Mchana nimeitoa simu mara tatu kuangalia kama ina chaji.

Ina chaji.